Mashuka Yasiyo na Pindo

Mwanakheri, mkaguzi wa forodha, alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kitambaa cheupe akitafuta pindo. Shuka la kulalia hupindwa, na ushuru wake ni mkubwa. Hili halikupindwa. Tena ndani ya robota vipande vilifungwa vitatu vitatu, kila fungu na pamba yake.

"Hizi ni sanda, Bwana Ghalibu. Sanda haina ushuru."

"Andika mashuka, dada. Nitalipa," alisema wakala.

"Makubwa! Leo wakala anabembeleza kutozwa?"

Ghalibu hakucheka. "Ukiandika sanda, mji mzima utauliza zimeagizwa za nini. Mwenye mzigo hataki maswali."

"Ni nani huyo?"

Ghalibu alitazama mlangoni, kisha akainama karibu na sikio lake. "Wanao wangali hapa mjini? Wapeleke kwa bibi yao kabla ya Ijumaa. Lakini andika mashuka."

Mwanakheri alishika kalamu, asiiteremshe. Marobota yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na kule gatini winchi ilikuwa bado inashusha mengine.