Waya Safi

Kompyuta zote za maabara zilikuwa zimegoma. Kila Sikudhani, fundi wa kompyuta wa chuo, alipoziwasha ili zivute mfumo mpya wa bure kutoka kwenye seva yake, kitu kingine kwenye mtandao kilizijibu kabla ya seva hiyo, nazo zikaganda. Kesho asubuhi wanafunzi wa chuo walitakiwa kufanyia mtihani humo.

"Nilikwambia, dada Siku, rahisi ghali," alisema Mkude, mtunza stoo, akiwa ameegemea mlango. "Programu ya bure, inayochezewa na kila mtu, utaiaminije?"

Tangu asubuhi Mkude hakubanduka pale mlangoni, na hakuwa mtu wa kupenda kompyuta.

Sikudhani akapiga magoti mbele ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, akaanza kukagua waya mmoja baada ya mwingine. Nyaya alizozifunga mwenyewe zilijaa vumbi. Mmoja tu ulikuwa safi. Akaufuata kwa vidole mpaka ulipoingia kwenye tundu la ukutani.

"Huu unakwenda wapi, kaka?"

"Stoo. Mafundi wa umeme waliuacha tu."

"Kuna mtu humo?"

"Awemo nani? Nimefunga, funguo ninazo." Akaupigapiga mfuko wa suruali, zikalia.

Sikudhani akauchomoa kwenye swichi. Nyuma yake kompyuta ya kwanza ikaanza kuvuta mfumo, kisha ya pili, kisha chumba kizima.

Sikudhani alikuwa bado ameushika ule waya alipohisi unamteleza kiganjani. Upande wa pili wa ukuta, mtu alikuwa akiuvuta, taratibu.