Sikio la Kushoto

Bi Mwanjaa alikuwa amekamilisha picha zote za riwaya ya watoto aliyopewa kuichorea, isipokuwa ya mwisho: familia inakula pamoja kwa mara ya kwanza tangu wamzike kijana wao, na kijana mwenyewe, asiyeonekana nao, ameketi kati yao. Asubuhi nzima alichora uso na kuufuta. Kila uso ulitokea kuwa wa Hamadi, mwanawe aliyefariki mwaka jana.

Saumu, mjane wa Hamadi, alimletea uji, akaitazama karatasi.

“Mama, huyu ni yeye.”

“Ndiyo maana namfuta. Kitabu kitauzwa, watoto wa watu watamchorachora kwa kalamu.”

Saumu aliketi. “Mie nimeanza kuisahau sura yake,” alisema polepole. “Mwache, Mama.”

Uji ulipoanza kupoa, Bi Mwanjaa alichovya brashi, akamrudia mwanawe.

“Sikio la kushoto lilichomoza zaidi,” Saumu alisema.

Akalichomoza. Wakaendelea hivyo, mmoja akichora, mwingine akisahihisha. Walipofika mdomoni, kila mmoja alimngoja mwenzake aukumbuke, na brashi ikabaki hewani, ikidondosha maji mezani.