Makiwa

Siku Mwanakheri alipoanza kutundikiwa dawa za saratani, wifi yake Batuli alimletea kiti cha uvivu. "Jilaze hapo, usiinuke tena," alimwambia, kisha akamgeukia kaka yake na kumnong'oneza, "Makiwa." Neno la kumpa mfiwa akapewa mume ambaye mkewe alikuwa papo hapo, anapumua, masikio yake mazima.

Muuguzi alisema asikae kutwa, atembee kadiri awezavyo. Mwanakheri alishajua anakokwenda. Juma la kwanza aliishia mlangoni, la pili kisimani. Siku ambazo dawa ilimlegeza alikizunguka kile kiti tu, amekishika mgongo, asikikalie.

Leo alifika barazani kwa Batuli, jasho likimchuruzika chini ya ushungi. Batuli alikuwa akichambua mchele. Aliinuka mbio, ungo mkononi, akamsogezea kigoda.

"Kaa, wifi, utaanguka."

"Sikuja kukaa."

Mwanakheri aliegemea nguzo mpaka pumzi zikamrudia, kisha akasema kwa sauti ya upole, ile ya matangani: "Makiwa, wifi."

"Tunayo," Batuli akajibu, kama ulimi ulivyozoea. Halafu mkono ukamganda kwenye ungo. "Makiwa ya nani?"

Mwanakheri alikuwa ameshageuka, anarudi kwake polepole, hatua moja moja. Nyuma yake ungo ulianguka, na Batuli akaanza kuwaita wanawe kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akingoja kila mmoja aitike.