Humu Hakuna Anayecheka

Mwanaidi alitoka darasani mbio huku analia. Kila alipokwama kwenye neno, wenzake walipiga kelele, "Gari bovu hilo, sukumeni!" Aliapa hatashika kitabu tena.

Bi Mashavu, mtunza maktaba, alimfuta uso kwa ncha ya kanga yake, akamfungulia mlango.

"Kasomee humu, mjukuu wangu. Humu hakuna anayecheka."

"Kwani kuna nani, Bi?"

"We soma tu."

Chumba kilikuwa kitupu. Mwanaidi akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Alipofika pale msichana anapotumbukia kisimani, akakwama. Nyuma yake benchi likalia, kama mtu amesogea ili asikie vizuri. Akageuka. Vumbi juu ya benchi lilikuwa halijaguswa.

Miguu ilitaka kukimbia, lakini roho ilitaka kujua kama yule msichana ataokolewa. Akalirudia lile neno polepole, silabi kwa silabi, mpaka likatoka. Karibu na sikio lake mtu akashusha pumzi.

Kisha pembe ya ukurasa ikainuka yenyewe, ikabaki hewani, ikimsubiri amalize mstari wa mwisho.