Fungu la Mama

Kengele ya kikapu ililia barazani kabla Shekiondo hajafungua mlango. Kila wiki shamba lilileta mazao ya msimu, kila mtu fungu lake lenye jina, na chakula kingine kilipigwa marufuku mjini. Leo fungu la mama yake halikuwamo.

"Mmesahau la mama!" alimfokea mleta kikapu.

"Shamba halisahau, kaka. Msimu wake umekwisha."

"Kwani mama yangu ni figili?"

"Usinipandishie sauti. Ijumaa tunamfuata mwenyewe."

Shekiondo aliubamiza mlango, akapika viazi vyake, akamwekea mama sahani yote.

"Na wewe, baba?" mama aliuliza.

"Kula, mama. Ijumaa wakija, watanikuta mlangoni na jembe. Nakuapia."