Saini Hamsini za Radoi

Mwalimu Desislava alitia saini bila hata kusoma karatasi.

Radoi alibaki mdomo wazi. Huyu ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba akiwasihi wanakijiji waunge mkono marufuku ya mifuko ya plastiki, marufuku ile ile ambayo karatasi ya Radoi iliipinga. Huyu ndiye aliyemwita, mbele ya kanisa, mfalme wa jalala.

"Leo umeshindwa hoja, eh, mwalimu?"

"Nimeshindwa, mzee wangu," akasema, akijipangusa macho. Vumbi la chaki, Radoi alijiambia, ingawa shule zilikuwa zimefungwa.

Kabla hajalazwa hospitali kule mjini Plovdiv, Radoi alikuwa na saini tatu, na moja ilikuwa yake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa ile ile kila siku: "Tukizika mtu, kila mwombolezaji hurudi kwake na mkate na ngano ya kuchemsha ya marehemu. Atabebea nini? Viganjani?"

"Basi tangulia wewe kufa, kaka Radoi, tuone!" alimjibu Gancho mwenye duka, na waliokuwapo wakaangua kicheko.

Wiki sita alilala huko. Mwishowe daktari alimvuta mkewe, Stoyanka, kando kwenye korido, wakanong'ona weee, kisha daktari akarudi kitandani kwake akitabasamu. "Nenda nyumbani, mzee. Kula chochote roho inachotaka."

Mtu aliyepona aambiwe nini zaidi?

Na sasa kijiji kizima kilikuwa kimepata akili. Gancho alitia saini, tena akachomoa mfuko wa plastiki chini ya kaunta. "Huu wako peke yako, kaka. Usimwambie mtu." Hakutania hata kidogo. Padri alitia saini ya hamsini, akamshika mikono kwa muda mrefu kuliko mambo ya mifuko yanavyostahili.

Hamsini! Ndizo alizozitaka meya ili akubali kumsikiliza Jumatatu. Radoi alirudi nyumbani akipiga mluzi, akipumzika kila baada ya hatua kumi.

Cherehani ilikuwa inanguruma. Stoyanka alikuwa anashona mifuko ya kitambaa, na lundo lilikuwa limemfika magotini.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwangu!" Radoi akacheka. "Shona tu, mama, umeshachelewa. Nitolee koti langu la kahawia, Jumatatu naenda kwa meya."

Stoyanka hakuinuka.

Hapo ndipo Radoi alipouona mfuko wa juu kabisa. Ulikuwa na vifungo vya koti lake la kahawia. Wa chini yake ulikuwa umeshonwa kwa shati lake la mistari. Akaenda kufungua kabati. Ndani ilining'inia suti nyeusi peke yake, imepigwa pasi.

"We mwanamke! Mifuko yote hii ya nini?"

Stoyanka alikata uzi kwa meno.

"Si ulisema mwenyewe? Watu hawawezi kubeba ngano viganjani."