Dawa Iliyoganda Kikombeni

Kijiko kilisimama wima katikati ya kikombe, na yule mjane akabaki akikitazama.

Kila asubuhi aliikoroga dawa ya unga ya binti yake kwa maji baridi. Leo mtoto alikuwa anatetemeka, akaomba ya moto. Dawa ikageuka uji.

Binti alikuwa na selimundu. Nesi alimweleza mama kwamba unga ule unazisaidia chembe za damu zisipinde na kuziba mishipa, na kweli mtoto alikaa miezi minane bila kulia. Lakini mwezi huu mifupa ilimwuma mara tatu, na mama akazidisha sala juu ya kikombe. Kumbe alikuwa akiuombea unga wa muhogo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa uani ananyanyua vyuma. Mama akamnyooshea kikombe.

Shemeji akaviweka vyuma chini taratibu. "Nilichota kidogo kidogo tu, shemeji. Kile kitu kinajenga misuli, wenzangu wote wa mazoezi wanatumia. Nikajazia muhogo ili kopo lisionekane limepungua."

"Ukajazia."

"Nisamehe basi."

Ndani mtoto alianza kulia. Maumivu yalikuwa yamepanda kifuani. Mama akayatazama yale mabega yaliyotuna, yanang'aa kwa jasho.

"Njoo umbebe mpaka hospitali," akasema. "Nguvu zake unazo wewe."

Mtoto akamshika shingo kwa mikono miwili.

"Baba mdogo," akanong'ona, "usinitikise."